Siku Jotham Sturgill Alipoingia Ghalani

Jotham Sturgill alikuwa mtengeneza ngozi, na harufu ya kazi yake ilitangulia kufika popote alipokwenda. Watu wa Kijito cha Brushy, kule milimani Tennessee, walikwisha izoea. Ukitaka hatamu, mkanda au ngozi ya kiatu, njia ilikuwa moja tu: unafuata maji mpaka kwenye mashimo yake yaliyojaa magome ya mwaloni ya kuivishia ngozi, unamkuta mtu mrefu, mabega mapana, mikono imegeuka rangi ya chai, anakwangua manyoya huku amekunja uso. Salamu yake ilikuwa kunyanyua kidevu. Bei yake ilikuwa ileile aliyoitaja mara ya kwanza.

Lakini ikifika Jumapili mtu huyohuyo alikuwa mwingine. Alikuwa shemasi, na kazi yake kanisani ilikuwa kutoa mistari. Katika nyumba ile ya ibada ya magogo vitabu vilikuwa vichache, na waliojua kusoma walikuwa wachache zaidi, kwa hiyo Jotham alisimama mbele, akavuta pumzi, akautoa mstari mmoja wa wimbo kwa sauti ya kuburuta. Watu wakaudaka, wakauimba polepole, kila mmoja kwa njia yake, huyu akipanda hapa, yule akipinda pale, mpaka wote wakakutana mwisho wa mstari kama ng'ombe wanaokutana mtoni. Ndipo Jotham akatoa mwingine. Mkononi alishika kitabu cha maneno, ingawa kila mtu alijua kwamba hasomi hata herufi moja. Hakuna aliyejali. Nyimbo zilikuwa kifuani mwake. Alizipata kwa mama yake, naye mama alizipata kwa mama yake, ng'ambo ya milima, na wazee walisema sauti ya Jotham ikiteremka hata mbwa waliolala chini ya mabenchi walinyanyua vichwa.

Jotham alijua kwamba wanasema hivyo. Alijifanya hajui.

Mwaka mmoja, mahindi yalipokwisha kuvunwa, akaja mtu juu ya farasi aliyekonda mbavu zote nje. Jina lake Lyman Thackston, mwembamba, koti limefumuka kwapani, mifuko ya tandiko imejaa karatasi mpaka haifungi. Alisema yeye ni mwalimu wa kuimba. Hukaa mahali majuma machache, akawafundisha watu kuziimba nyimbo kwa kuzisoma, kisha husonga mbele. Na kila apitapo huokota nyimbo za wenyeji, maana anakusanya kitabu. Kuhusu malipo hakuwa na makuu. Nyama ya nguruwe ya moshi, nta, soksi, shayiri ya farasi, chochote.

Mzee Obed Harbin, mchungaji wao, alimwelekeza kwa Jotham, kwa kuwa mambo ya kuimba yalikuwa ya Jotham.

"Kusoma nyimbo," Jotham alisema bila kuacha kukwangua.

"Ndiyo, Ndugu Sturgill. Kwa maumbo, kila sauti ina umbo lake karatasini. Hata mtoto anaweza."

"Sisi hatusomi. Kwani tunaimbaje?"

Mwalimu akatabasamu. "Jumapili nilikuwa nje nafunga farasi, nikawasikia. Sauti yako, ndugu yangu, sijapata kukutana nayo mahali pengine. Ila kila mtu mle ndani alikuwa anaimba wimbo wake."

"Kila mtu ana roho yake."

"Si vibaya roho zikianza pamoja na kumaliza pamoja."

Jotham akaipindua ngozi kwa nguvu, maji machafu yakamrukia mgeni mpaka magotini. "Ndani ya nyumba ya Mungu hutafundisha hesabu zako," akasema. "Huko kwingine, hainihusu."

Basi shule ikafunguliwa kwenye ghala la Asa Tolliver, kila Jumamosi kutwa na jioni mbili katikati ya juma. Jotham aliamini haitamhusu. Alisahau kwamba ana mke.

Mahala Sturgill alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mwepesi. Watoto wao walikwisha oa na kuolewa, wakahamia magharibi kufuata ardhi, na nyumba ilibaki na vijiko viwili mezani. Alimwita mumewe Jotham siku za kawaida, na Bwana Sturgill akiwa anatania au amekasirika. Kipi ni kipi, Jotham alitambua kwa jinsi sahani ilivyotua mbele yake.

"Kesho nakwenda ghalani kwa Tolliver," alisema, akimkatia mkate wa mahindi.

"Kufanya nini?"

"Kucheza karata na shetani. Kuimba, Bwana Sturgill! Watu wanaenda kufanya nini kingine?"

"Mke wa shemasi!"

"Mke wa shemasi naye ana koo." Sahani ikatua taratibu. Alikuwa anatania, lakini atakwenda.

Alikwenda, na akaendelea kwenda. Alirudi mashavu mekundu, akakoroga uji huku anaimba vitu visivyo na maana, fa, sol, la, kama mtoto anayejifunza kusema. Jotham akavumilia. Kwenye mashimo yake wateja nao walianza: fa, sol, la. Jumapili akitoa mstari, aliwasikia wengine wanamaliza kabla yake, pamoja, kwa mkato mmoja safi, kisha wanamsubiri. Kumsubiri yeye! Hilo lilimchoma kuliko tusi.

Jumamosi iliyofuata, jua bado liko juu, Jotham alitupa kikwangulio chini, akashika njia ya kwa Tolliver na aproni yake kifuani na kofia kichwani, kwenda kumtoa mkewe. Maneno alikwisha yapanga. Angeyasema mara moja, mbele ya watu wote.

Akasukuma mlango. Mabenchi yalikuwa yamepangwa mraba, watu wamekaa pande nne wakitazamana, wanaume wa besi, ile sauti nzito, upande huu, wanawake wa sauti za juu upande ule, na katikati pameachwa wazi. Mahala alikuwa upande wa mbali. Jotham hakuona njia nyingine, akakatiza hapohapo katikati, buti zake zikigonga mbao. Wakati huohuo mkono wa mwalimu, uliokuwa umeinuliwa, ukashuka.

Wakaimba.

Jotham alizoea sauti inayotoka mahali fulani na kumfikia mtu. Hii haikutoka mahali popote. Alikuwa ndani yake kabla hajajua kwamba imeanza, kama mtu aliyeingia mtoni akidhani maji ni ya magoti, akakuta chini hakuna. Besi ilimpanda kupitia nyayo za buti. Sauti za juu zilimpita kichwani kama upepo kwenye misonobari. Kulia, wimbo wenyewe ukitembea. Kushoto, sauti nyingine inaujibu, inaukimbia, inarudi kuushika mkono. Vitu vinne visivyofanana, na vyote ni kitu kimoja.

Alifikiri anawajua watu hawa. Yule Asa Tolliver, bingwa wa kupunja kipimo cha mahindi, alikuwa ametupa kichwa nyuma na kifuani mwake kunatoka sauti kama mlima unaojisogeza. Mjane Sabra Nance, aliyegombana na kila jirani kwa ajili ya mpaka, alikuwa anaimba huku machozi yanamtiririka na hana habari nayo. Na Mahala, Mahala wake, mwenye unga kwenye kiwiko, alikuwa amefumbua macho makubwa yanayoangalia kitu ambacho Jotham, kwa miaka yote ya ndoa yao, hakuwahi kumwonyesha.

Walipomaliza kuimba maumbo, fa, sol, la, wakaingia kwenye maneno. Ndipo alipoyatambua. Yalikuwa maneno aliyoyatoa mwenyewe Jumapili nyingi kupita hesabu, ya msafiri aliyechoka anayeiona taa mlangoni mwa Baba yake. Aliyajua kama anavyojua vidole vyake. Hakuwahi kuyasikia. Na hapa yalikuwa yanamwendea Mungu bila kumpitia yeye hata kidogo, mapana, yenye nguvu, yenye furaha ya kutisha.

Mkono wa mwalimu ukasimama. Vumbi la nyasi kavu lilishuka taratibu kutoka kwenye boriti, na kila mtu akaliona likishuka. Jotham akagundua kwamba kofia iko mkononi. Hakukumbuka kuivua.

"Karibu, Ndugu Sturgill," mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

Wote walimtazama, wakingoja radi. Mahala akainuka nusu. "Jotham?"

Jotham akafungua mdomo. Maneno aliyoyapanga hayakuwepo. "Ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe amefanya nini?"

"Hajakamuliwa."

"Nilimkamua kabla sijaja."

"Basi," Jotham akasema. "Vizuri." Akageuka, akatoka.

Jua lilipokuwa linazama Mahala alimkuta amekaa ukingoni mwa shimo la ngozi, mikono imelala mapajani. Hakuwahi kuiona mikono ile imelala.

"Umekuja kunitoa, ukaishia kuuliza habari za ng'ombe," alisema. "Watu wamecheka mpaka Sabra Nance amedondosha karatasi."

"Wacha wacheke." Akamgeukia. "Siku zote mnasikia hivyo? Wewe, pale ulipokaa?"

"Hapana. Sisi wa pembeni kila mtu anasikia zaidi upande wake. Mwalimu anasema pale katikati ndipo zinapokutana zote. Hajamsimamisha mtu yeyote pale bado. Wewe umejisimamisha."

"Niliogopa, Mahala."

Mahala akaacha kutabasamu, akakaa naye. "Uliogopa nini?"

"Nimesimama mbele yao miaka yote hii. Nikajiona mimi ndiye ninayewapeleka. Leo wamefika wenyewe, na mimi nimesimama hapo na aproni inayonuka." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na sikuona wivu. Hilo ndilo lililonitisha. Nilitaka tu wasiache."

Kabla ya mwezi kwisha kanisa likaitisha kikao. Ndugu Enos Babb, aliyekuwa na mashaka na kila kitu kilichovuka milima baada yake, alisimama akasema maumbo yale ni alama za kichawi, na huyo Thackston apewe farasi wake aende. Kisha akageuka kwa Jotham kama mtu anayeelekeza bunduki kwa shabaha aliyokwisha ipima. "Shemasi aseme."

Jotham akasimama. Watu wakatulia.

"Niliingia mle kuwatawanya," alisema. "Mnajua. Mlicheka." Watu wawili watatu wakainamisha nyuso. "Sina elimu ya kuwaambia yale maumbo yametoka wapi. Ila nilipokuwa nimesimama pale, mkono wangu ulinivua kofia bila mimi kuuagiza. Na Mungu anajua mkono huu hauvui kofia kwa mtu."

"Kwa hiyo Jumapili utaacha kutoa mistari?" Enos akauliza.

"Jumapili nitatoa mistari mpaka nizikwe, Enos, na wewe utaifuata, ukiburuta miguu kama kawaida yako. Jumamosi nataka nikakae na watu wa besi."

Mzee Harbin akakohoa kuficha kicheko, na kikao kikaisha.

Kujifunza, sasa, hakukuwa jambo dogo. Mahala alimchorea maumbo kwa mkaa kwenye kipande cha ngozi, akakitundika juu ya meko, na kila baada ya kula akachukua mwiko akawa anaonyesha.

"Hii?"

"Pembetatu. Fa."

"Hii?"

"Duara. Sol."

"Na hii?"

"Mlango wa banda la kuku."

"Jotham!"

"Mraba. La. Usinipigie kelele, mama, mimi ni mtu mzima."

"Hii je, iliyosimama kwa ncha?"

"Almasi. Mi. Hiyo siipendi, inatokea mara moja kwa mwaka kama mkusanya kodi."

"Ndiyo inayokuonyesha nyumbani ni wapi. Ukiipata hiyo, umeshajua nyingine zote zinakaa wapi."

Jotham akaitazama ile almasi kwa heshima mpya.

Kisha ikaja jioni moja ghalani ambayo hakuisahau. Mwalimu alifungua karatasi mpya na kusema wimbo huu umetungwa na mtu aliyeishi pwani, mbali huko mashariki, naye amekwisha kufa. Hapa hakuna aliyewahi kuusikia, hata yeye mwenyewe mwalimu hajausikia ukiimbwa. Akainua mkono. Jotham akakazia macho mstari wa chini, akafuata pembetatu na duara kama anafuata nyayo kwenye theluji, na ule wimbo ukatoka. Ukatoka mdomoni mwake! Walipomaliza alibaki amekaa. Maisha yake yote, wimbo ulitoka mdomo ukaingia sikio, mama kwa mtoto, na penye pengo ulikufa. Huu ulimfikia bila mdomo. Marehemu mmoja asiyemjua alimwekea mkononi pumzi yake, naye akaivuta.

Asubuhi yake alimwambia Mahala, "Watoto wetu hawaujui ule wimbo wa mama yangu."

"Ule wa kivukoni? Hawaujui. Hukuwahi kuwaimbia."

Mwalimu alikwisha mwomba nyimbo zake za zamani mara kadhaa, na kila mara Jotham alimjibu kwamba wimbo si boga la kutiwa gunia, ukiuandika utakauka. Sasa alimtumia habari aje. Wakakaa wawili kando ya mashimo, mwalimu amejifunga kitambaa puani, karatasi gotini. Jotham akatazama maji, akaimba.

"Rudia hapo," mwalimu akasema. "Ulipanda, au hukupanda?"

"Nilipinda."

"Kupinda hakuna alama yake."

"Basi itengeneze."

"Ndugu Sturgill, nikiandika kila unapopinda, hakuna mtu duniani ataweza kuusoma."

Wakabishana mpaka chai aliyowaletea Mahala ikapoa. Mwisho wakakubaliana: karatasi ibebe njia, kona kila mwimbaji atazikata mwenyewe. Mwalimu akauliza jina, maana kila wimbo kitabuni huitwa kwa jina la mahali.

"Kivuko cha Ledford," Jotham akasema. Akaeleza kwa maneno machache. Alikuwa mdogo, walikuwa wanavuka milima kuja huku, mto umejaa na una barafu kingoni. Baba alitangulia na farasi. Mama alimbeba yeye mgongoni, maji yakamfika kifuani, na njia yote aliimba wimbo ule kwa meno yanayogongana. Jotham alikuwa ameweka sikio kwenye shingo ya mama yake. Alisikia wimbo na alisikia woga, vyote pamoja, na tangu siku ile hakuweza kuvitenganisha.

Mwalimu hakuandika hayo. Alivua kile kitambaa puani.

Siku ya kufunga shule watu walikuja mpaka kutoka bonde la pili. Asa alichinja nguruwe, wanawake walileta pai za maboga na tufaha zilizokaushwa, na farasi walifungwa kila penye mti. Mchana mwalimu akagawa karatasi. Juu ya wimbo wa mama alikuwa amejenga sauti ya juu na alto, ile ya kati ya wanawake, na chini yake ameweka besi. Akasema, "Ndugu Sturgill atasimama katikati auongoze."

Jotham akasimama katikati. Mkono wake, mkubwa, wa rangi ya chai, ukapanda, ukashuka.

Pande zote nne zikaingia. Wimbo ulikuwa uleule, kila hatua yake aliijua, sauti ya mwanamke mmoja aliyeogopa ndani ya maji ya baridi. Lakini sasa hakuwa peke yake. Chini yake ilikuja besi, wanaume wa Kijito cha Brushy, wazito, hawana haraka, na Jotham akasikia wazi kabisa: yalikuwa mawe. Walikuwa wanampangia mama yake mawe chini ya miguu, moja baada ya jingine, na yeye anakanyaga. Sauti za juu zilikuwa ukingo wa pili, wenye jua. Mkono wake uliendelea kupanda na kushuka, hajui ni nani anayeuendesha. Alipaswa kuimba, hakuweza. Alisimama tu, kichwa wazi, mdomo wazi, huku mama yake anavuka.

Walipomaliza, Enos Babb, aliyekuja kwa ajili ya nguruwe, alisimama mlangoni na mfupa mkononi. "Waambie warudie," alisema.

Wakarudia.

Lyman Thackston aliondoka kabla theluji haijafunga njia. Kitabu chake kilichapwa baadaye, kipana kuliko kirefu, na Kivuko cha Ledford kilikuwamo, na watu waliohamia Missouri na Arkansas walikibeba kwenye magari ya ng'ombe pamoja na sufuria na mbegu. Jotham hakujifunza kusoma herufi. Maumbo aliyasoma mpaka macho yalipomchoka. Jumapili asubuhi alitoa mistari kwa sauti ya kuburuta, na watu walimfuata kila mmoja kwa njia yake, kama zamani. Jumamosi alikaa na besi, akawa mkali, mtu akichelewa kuingia alipigwa kiwiko cha mbavuni.

Alifariki siku za mwanzo za majira ya kuchipua, wakati magome ya mwaloni yanabanduka kirahisi, kazi imejaa. Wakamzika juu ya kilima nyuma ya kanisa. Kulikuwa na matope na upepo, Asa Tolliver alikuwa na mafua, na watu walipouanza wimbo wa mama yake kaburini, besi ikazama, ikapotea kabisa.

"Simamisheni," Mahala akasema.

Wakasimamisha. Alikuwa amesimama kwenye udongo mbichi, shali imemkaza kichwani, macho mekundu.

"Mnamwimbia nani hivyo, paka? Angewafukuza wote. Asa, penga pua. Enos, sogea huku ulipoacha pengo. Zungukeni vizuri, pande nne, yeye akae katikati." Akangoja mpaka wamejipanga kulizunguka kaburi. Kisha akainua mkono wake mdogo, akaushikilia juu, akiwatazama mmoja mmoja, na hakuushusha mpaka alipoona kila mtu amevuta pumzi.